Aliyeitwa Mara Tatu

Mtu mmoja alikuwa na chumba cha kufundishia, na ndani yake meza sita, na kila meza watu watano. Jina lake Mhagama, mwalimu wa maofisa mifugo. Hakupenda kupiga domo mbele ya ubao. Alitoa swali, kila mmoja alilijibu kwanza peke yake, kisha meza nzima ikapewa karatasi moja na kalamu moja, wabishane mpaka wapate jibu moja. Alama ya meza ilikuwa alama ya kila mtu. Na ili ubishi usile siku nzima, aliweka sheria: mwenzenu mwulizeni mara tatu, akinyamaza, amekubali. Sheria hiyo ilimfaa miaka kumi na tisa, kwa sababu aliyenyamaza alikuwa na uso. Akikunja ndita, wenzake waliona, wakamwuliza ana nini.

Kisha chuo kikaamua watu wasome wakiwa vituoni mwao, kwa simu na kompyuta. Mhagama akahamisha kila kitu kama kilivyokuwa: watano watano, swali, karatasi moja, na sheria yake. Nyuso hazikuhamishika. Zikabaki majina tu kwenye kioo, na hilo hakulifikiria sana. Alisema moyoni kwamba ng'ombe ni yuleyule, zizi tu ndilo jipya.

Miongoni mwao alikuwemo Sekela, mama wa makamo, aliyechanja ng'ombe wa kata nzima huko milimani kwa miaka kumi na miwili bila cheti. Sasa alikuwa ameambiwa: bila cheti mwaka huu, kituo atapewa mwingine. Kwake mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya josho la ng'ombe, na hata hapo uliingia na kutoka kama mgeni asiye na adabu, bila hodi wala kwaheri. Kila Alhamisi asubuhi Sekela alibeba kigoda chake akaenda kuketi hapo.

Likaja swali la mwisho, lililoamua nani apate cheti. Ng'ombe amekufa ghafla, damu nyeusi inamtoka puani wala haigandi. Mwenyewe anataka kujua kilichomuua. Utafanya nini? Sekela, peke yake, akajibu: asipasuliwe, huenda ni kimeta, na ukimpasua unakitawanya. Akatuma, Mhagama akapokea. Kisha watano wakakutana mtandaoni. Luhende, aliyekuwa mwandishi wao, akasema wampasue wamchunguze, na watatu ambao hawakuwa wamesoma vizuri wakaitikia. Akamwuliza Sekela kama amekubali. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Nyuma ya josho Sekela alikuwa amesimama juu ya kigoda, simu ameinyanyua, anapaza sauti kwamba wasimpasue, jamani, wasimpasue, mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Luhende akaandika: tumekubaliana wote.

Jibu lilikuwa baya, na meza yote ikaanguka. Kesho yake Sekela akamwandikia mwalimu.

"Mwalimu, sikunyamaza. Sikusikika."

Mhagama akayasoma maneno hayo mara mbili. Mbele yake lilikuwepo jibu la Sekela la peke yake, sahihi neno kwa neno. Alijua, na hapo ndipo ninapomwonea aibu. Lakini katika miaka yake ya kazi alikwisha kuombwa ruhusa za kuzika mabibi wengi, wengine walizikwa mara mbili, na sasa mtandao ulikuwa umeshika nafasi ya bibi. Akimhurumia mmoja, kesho wote watasingizia. Tena sheria ilikuwa yake, na watu walimsifu kwayo. Akamjibu kwamba sheria ni msumeno. Sekela hakuandika tena.

Wiki tatu jambo hilo lilimla moyo. Hatimaye akampigia, simu haikupatikana. Akamwandikia kwamba arudi, ajibu upya. Akaandika mara ya pili, na ya tatu. Lakini kituo kilikwisha kupewa mwingine, na Sekela hakuwa tena na sababu ya kubeba kigoda kwenda nyuma ya josho.

Ofisi ya chuo ikamletea Mhagama fomu, ikitaka kujua kwa nini mwanafunzi huyu ameacha masomo. Akaandika ukweli: ameitwa mara tatu, hakujibu. Chini yake palibaki nafasi ya neno moja, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ukalijaza: amekubali. Akalitazama neno lile kwa muda mrefu. Hakulifuta, na fomu ikachukuliwa.

Basi nanyi mnaoongoza watu msiowaona nyuso: yule mliyemwita mara tatu akawa kimya, nani kati yenu aliinuka kwenda kumtazama kabla ya kushika kalamu?