Mkaja Mmoja, Mama Watatu

Hapo zamani, na nasema zamani ya mbele, ile ambayo bado haijafika, basi msinibishie, alikuwepo binti wa Pangani akiitwa Tausi. Alikuwa ameposwa, na siku ile washenga walileta mkaja, kile kitambaa anachopewa mama wa bibi harusi kwa ajili ya tumbo alilolifunga alipomzaa. Mkaja ni mmoja tu. Na Tausi alikuwa na mama watatu.

Wa kwanza ni Saumu, aliyemzaa. Arobaini yake haijatimia, jiwe kubwa likaonekana angani linakuja duniani, na rubani aliyeweza kwenda kulisukuma kando alikuwa yeye tu. Akaufungua mkaja tumboni, akavaa nguo za anga, akaenda. Chombo kikienda mbio mno, wanasema, saa nazo huzubaa. Saumu akakaa huko miaka miwili, huku kwetu ikapita ishirini na mitano. Karudi jana, bado kijana. Mshenga mkuu alipomwona akasema, "Mashaallah! Na huyu mdogo wake bibi harusi, naye kaposwa?"

Watu wakacheka mpaka mbavu zikawauma. Tausi hakucheka. Alikuwa amemngoja mwanamke huyu tangu alipojua kusema, na sasa hakujua amkumbatie vipi.

"Haya," mshenga akasema kwa haya, "mkaja tumfunge nani?"

Saumu akasimama. "Mimi. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliondoka maziwa yananitoka, nikalia njia nzima. Lakini jiwe lile lingeanguka, leo pangekuwa na harusi? Huyo Tausi angekuwepo?"

Nani atabisha? Basi akasimama Mize, mdogo wake.

"Dada, nakuheshimu. Ila kuzaa si kazi, kazi kulea. Uliniachia mtoto mbichi, nami nina wangu kifuani. Ziwa la kulia likawa lake, la kushoto la mwanangu. Surua nimeiuguza mimi. Nilipofiwa na mume nikaposwa tena, yule bwana akasema hataki mtoto wa mtu. Nikamfukuza. Mtoto wa mtu! Huyu?" Tausi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Wa tatu ni Bi Riziki, fundi wa mitambo, mke mwenza wa Saumu. Naam, mke mwenza! Mnaguna nini? Subirini mumsikie.

"Wakubwa wa kituo cha anga walisema chombo kimepotea, wakafunga milango wakaenda zao," akasema. "Mimi nikabaki na antena moja. Kila jioni nilimfuata Tausi kwa Mize, nikampakata, tukaita pamoja: Saumu, njoo, mwanao anakuita. Watu wakaniona kichaa. Mke mwenza gani anamwita mwenziwe arudi? Nikawaambia, mtoto huyu hatakua hamjui mama yake, nami nina koo zima. Sauti ile ndiyo iliyomleta. Muulizeni mwenyewe."

Saumu akainamisha kichwa. "Ni kweli. Bila sauti ile ningepotelea huko huko."

Wazee wakashauriana weee, mmoja akakohoa akasema, "Ukateni vipande vitatu, yaishe."

"Hapana!" Tausi akanyanyuka, akauchukua mkaja. Aliwapenda wote watatu, na kuchagua kulimuuma kweli kweli, lakini hakurudi nyuma. "Mkaja ukikatwa ni matambara. Wala jambo hili silisogezi mpaka kesho. Nitaufunga leo, kwa mikono yangu, mbele yenu nyote. Atakayeumia anisamehe."

Akaukunjua. Akatembea taratibu mpaka kwa mmoja wao, akapiga magoti, akamzungushia kiunoni, akakaza fundo. Yule mama akalia kama mtoto mdogo. Wale wawili wakatazamana, wakashikana mikono, kisha wakapiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka.

Nani huyo? Aa, msinitolee macho, mimi simtaji. Wote watatu mmewasikia kwa masikio yenu: aliyezaa akaenda kuiokoa dunia, aliyenyonyesha akalea, na aliyeita mpaka akaitikiwa. Je, mkaja ule ungekuwa mikononi mwako wewe, ungempigia nani magoti?