Mfalme Aliyepiga Chafya Jenezani

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwa na maana kwamba mwongo hafiki popote. Hufika, tena hupokewa vizuri, akapewa kiti na maji ya kunywa kabla ya wasema kweli. Walichomaanisha ni kwamba hatakwenda mbali. Mahali fulani atakwama, na mara nyingi kitakachomkwamisha ni neno dogo alilolitamka yeye mwenyewe bila kuulizwa na mtu. Anayedhani wahenga walitia chumvi na asikilize yaliyotokea Mkiwa, mkoani Singida, mwezi wa Novemba.

Pale Mkiwa, njia ya Itigi inapoachana na barabara kuu ya kwenda Manyoni, Emiliana alikuwa akichoma kuku na kuwauzia abiria. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na minane, mwenye ulimi mkali na moyo wa huruma, ingawa ulimi ndio uliotangulia siku zote. Mali yake kubwa ilikuwa maksai wawili alioachiwa na marehemu mumewe. Kwa maksai hao alilima alizeti na mtama wake, na kwa alizeti hiyo alimsomesha mwanawe Leonard. Mawingu yalikwisha kuanza kujikusanya upande wa mashariki, na kila mwenye jembe alikuwa akilinoa.

Alhamisi moja maksai wale walitoweka.

Kwa kawaida walichungwa na Calist, mdogo wa marehemu, pamoja na ng'ombe wake mwenyewe. Lakini siku hiyo Calist aliaga mapema kwamba anakwenda Kiomboi kumjulia hali shangazi yake, na jioni akaonekana stendi miongoni mwa abiria walioshuka kwenye basi la kutoka Singida. Alikuwa na begi begani na fungu la vitunguu mkononi, zawadi ya kumpa shemeji yake Emiliana. Alipoulizwa habari za maksai alishangaa.

"Si niliwaacha kwa Kefa tangu alfajiri, shemeji? Nilimwambia awachanganye na wake."

Kefa, jirani yao, aliapa kwamba Calist hakufika kwake alfajiri wala adhuhuri, na kwamba hao maksai hakuwaona hata mkia. Basi likawa neno la mmoja dhidi ya neno la mwingine. Shahidi hakuwepo. Shangazi wa Kiomboi alikuwa bibi wa miaka tisini, hana simu, na hatofautishi jana na mwaka juzi.

Maneno mawili yakigongana, watu hutazama nani kayasema. Calist alikuwa mwalimu wa kwaya, mtu wa shati jeupe na sauti ya kubembeleza. Kefa alikuwa mtu wa vibarua, na miaka sita nyuma aliwahi kukutwa na kuku asiye wake. Kuku huyo alikwisha kumlipa, lakini kijiji hakikumsahau. Ijumaa asubuhi Emiliana alimkuta Kefa stendi akipakia magunia, akamnyooshea kidole mbele ya abiria, madereva na wachuuzi.

"Mwizi ni mwizi tu! Ulianza na kuku, sasa umefika kwenye ng'ombe. Jumanne kikao cha kijiji kikikutia hatiani, utapelekwa polisi, na mkeo atajifungua peke yake!"

Kefa aliliweka gunia chini taratibu, akaondoka huku watu wakimpisha njia kana kwamba ana upele.

Tangu hapo Emiliana hakuwa na raha. Alimshuku Kefa, lakini shaka ni mgeni mbaya, ukimkaribisha chumba kimoja huzunguka nyumba nzima. Alikagua kwato katika vumbi la kila zizi. Alinusa moshi wa majiko ya watu, huenda angesikia harufu ya nyama mahali pasipochinjwa. Mtu akimsalimu kwa uchangamfu, alijiuliza uchangamfu huo umetoka wapi. Akimsalimu kwa unyonge, alijiuliza anaficha nini. Mwenyewe alijiona anakuwa mtu mbaya, akashindwa kuacha.

Jumapili baada ya ibada watu walijaa kwenye mabenchi yake kama ilivyo ada. Hapo ndipo palipokuwa mahakama ya filamu. Wakisubiri kuku aive, walichambua walizotazama juma zima, nani kaigiza vizuri na nani kaharibu. Juma hilo hawakuwa na jipya, kwa sababu umeme ulikatika Mkiwa tangu Alhamisi mchana na haukuwa umerudi. Ila Mwalimu Agnes alikuwa ametoka Manyoni kwa dada yake, na huko alitazama filamu mpya ya Kinaijeria iliyotiwa maneno ya Kiswahili, hadithi ya mfalme aliyelishwa sumu.

"Mimi aliyenikera ni malkia," alisema Mwalimu Agnes. "Mume anagaagaa siku tatu, yeye kazi yake kubadilisha vilemba."

"Mimi filamu za kifalme siziwezi," alisema Abraham, dereva wa bodaboda. "Watu wanaongea saa mbili, ngumi inapigwa moja, tena kwa mtumishi. Bora za Kichina."

Calist, aliyekuwa akichokonoa meno, alitabasamu.

"Abraham, wewe filamu huzijui. Ile ni nzuri sana. Nimeitazama Kiomboi Alhamisi hiihii, jirani wa shangazi ana luninga kubwa kama mlango. Nilikaa tangu mwanzo mpaka mwisho, hata chakula nikasahau. Kasoro yake ni mwisho. Mwisho wameuharibu."

"Wameuharibuje?" aliuliza Mwalimu Agnes. "Mimi mwisho ndio ulioniliza."

"Sasa mfalme yumo kwenye jeneza, kaburi limechimbwa, watu wanalia, yeye anapiga chafya! Anainuka na sanda yake, anamvua mwanawe taji na kumpa mpishi, eti kwa sababu mpishi peke yake ndiye aliyekuwa akimwambia ukweli kwamba mchuzi umezidi chumvi. Mfalme mzima! Hapo nilisema hawa wamechoka kuandika."

Benchi zima liliangua kicheko. Mwalimu Agnes alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akakunja uso.

"Mwalimu wa kwaya, umetazama filamu gani wewe? Mfalme alizikwa, akabaki hukohuko. Mwishoni anakamatwa mganga, na binti yule mdogo ndiye anayevishwa taji."

"Basi yenu ilikuwa imekatwa," alisema Calist. "Za Manyoni nyingi huwa zimekatwa."

Alichukua paja lake la kuku, akaaga na kwenda zake. Watu walihamia kwenye maneno mengine. Emiliana peke yake alibaki ameshika koleo la jiko bila kugeuza nyama, mpaka Abraham akamwambia kuku anaungua. Kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, shaka yake ilikuwa imemwacha Kefa na kusimama mlangoni pa mtu mwingine. Alijikemea. Huyu ni damu ya marehemu, alimletea vitunguu! Hata hivyo filamu moja haiwezi kuwa na miisho miwili, na Mwalimu Agnes si mtu wa kubuni.

Jua lilikuwa bado juu alipofika kwenye banda la Abdillahi, mwenye kibanda umiza cha Mkiwa, ambako watu hutazama filamu kwa kiingilio. Alimkuta akipigilia misumari kwenye benchi bovu.

"Baba Mboni, habari za mchana?"

"Nzuri, Mama Leonard. Kama ni filamu, umeme bado."

"Nina swali tu. Kuna filamu ya mfalme anayepiga chafya jenezani?"

Nyundo ilibaki hewani. Abdillahi aliangalia kushoto na kulia.

"Nani kakwambia hilo?"

"Ipo au haipo?"

Abdillahi alikaa kwenye benchi lake bovu, akaeleza kwa aibu. Alhamisi mchana aliweka filamu mpya iliyomfikia asubuhi ileile. Zikiwa zimebaki kama dakika ishirini umeme ukakatika. Watazamaji wakapiga kelele warudishiwe viingilio vyao. Sasa mwenye kibanda yeyote anajua la kufanya ikitokea hivyo, husimama na kuwamalizia watu filamu kwa mdomo. Kwake ilikuwa kazi ya kawaida, ila safari hii kulikuwa na tatizo moja, nalo ni kwamba yeye mwenyewe filamu ile alikuwa hajaitazama.

"Nikawaambia nimeiona mara tatu, watulie. Nikaanza kutunga. Sijui chafya ilitoka wapi, Mama Leonard, Mungu ananiona. Wakaridhika wakakaa zao kukwepa jua."

"Na umewasimulia akina nani tena?"

"Aibu hiyo nimsimulie nani? Hata mke wangu hajui. Waliokuwemo ni kumi na mmoja, karibu wote madereva wa malori na utingo wao, na jioni ileile waliondoka kwenda Itigi. Ila kulikuwa na mmoja kule nyuma kabisa kwenye giza, amevaa koti na kofia imemfika puani. Nilidhani ana homa. Huyo alitoka wa mwisho, basi la Singida lilipopiga honi."

Emiliana alikaa kando ya Abdillahi. Alitaka kulia, lakini hasira ilimkausha machozi. Kilichomuuma zaidi hakikuwa maksai. Aliuona uso wa Kefa siku ile akiweka gunia chini.

"Baba Mboni," alisema, "Jumanne njoo kwenye kikao. Mpaka siku hiyo usiongee."

Jumanne saa nne ofisi ya kijiji ilijaa watu kama thelathini. Kefa alikaa mbele peke yake, na mkewe, mwenye mimba ya miezi minane, alisimama dirishani. Mtendaji wa kijiji alimpa Calist nafasi ya kwanza. Calist alieleza vizuri sana, hakukosea hata saa, na alipomaliza wazee watatu walitikisa vichwa kumkubali. Emiliana akanyoosha mkono.

"Shemeji, ile filamu uliyotuhadithia Jumapili, uliitazama wapi?"

"Mama Leonard," Mtendaji alimkatiza, "hapa tunazungumzia maksai."

"Nivumilie kidogo, Mtendaji. Maksai wako njiani wanakuja."

Calist alicheka kidogo. "Niliitazama Kiomboi, shemeji. Alhamisi mchana."

"Hukusimuliwa na mtu?"

"Mimi si mtoto wa kusimuliwa filamu. Nimeiona kwa macho yangu haya mawili."

"Na mfalme alipiga chafya?"

"Alipiga chafya, akainuka, akampa mpishi taji. Ndiyo maana nilisema wameiharibu."

Wapo waliocheka. Emiliana hakucheka. Alimgeukia Abdillahi, na Abdillahi akasimama huku akipangusa jasho shingoni.

"Ndugu zangu, mnisamehe kwanza. Katika filamu ile hakuna mfalme anayefufuka, Mwalimu Agnes ni shahidi. Yule mfalme nilimfufua mimi, kwa mdomo wangu, Alhamisi mchana bandani kwangu, umeme ulipokatika. Nilikuwa sijaitazama. Aliyemsikia akipiga chafya alikuwa bandani kwangu. Hakuwa Kiomboi."

Calist aliinyoosha kola ya shati lake.

"Labda... labda nilisikia kwa watu..."

"Umesema hukusimuliwa," alisema Mtendaji, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Hapo shati jeupe halikumsaidia tena. Yule mtu mwenye sauti ya kubembeleza alisema yote kama mtu anayetapika. Kiomboi hakwenda. Alfajiri aliwapeleka maksai nje ya kijiji, akawauza kwa mchuuzi wa Manyoni aliyekuwa na lori tayari. Kisha akajificha gizani kwenye kibanda umiza, mahali ambapo mwalimu wa kwaya hawezi kutafutwa, mpaka basi la Singida lipite ajichanganye na abiria. Vitunguu alivinunua palepale stendi. Mtendaji alipiga simu Manyoni mbele ya watu wote. Jioni habari ilirudi: maksai mmoja alipatikana akiwa hai zizini kwa mchuuzi, mwenzake alikwisha kuchinjwa.

Lakini hayo yalikuwa ya jioni. Mle ofisini, mgambo walipomshika Calist mikono, watu walimzunguka Emiliana kumpongeza kwa akili yake. Aliwasukuma, akaenda kupiga magoti mbele ya Kefa.

"Kefa, nimekukosea. Nisamehe, baba."

Macho ya Kefa yalikuwa mekundu.

"Inuka, Mama Leonard. Nimekusikia. Lakini hukunitangaza humu ofisini. Ulinitangaza stendi, mbele ya watu wasionijua, na wengine wamesafiri na jina langu hilo. Hapa tuko wachache."

Emiliana aliinuka bila kujipangusa vumbi magotini. Alitoka, akavuka barabara mpaka stendi, mabasi mawili yakiwa yamesimama na madirisha yamejaa vichwa. Alipanda juu ya benchi lake mwenyewe. Sauti iliyozoea kuita wateja wa kuku ikapaa.

"Jamani! Abiria, madereva, wote nisikilizeni! Ijumaa nilimwita Kefa mwizi hapahapa. Nilisema uongo! Kefa hakuiba kitu. Mwenda Itigi kawaambie wa Itigi, mwenda Dodoma kawaambie wa Dodoma. Kefa si mwizi!"

Alirudia basi la tatu lilipoingia, na la nne, mpaka sauti ikamkauka. Mke wa Kefa alikuwa amekuja nyuma yake, akampa kikombe cha maji. Alipokuwa akiyanywa, mgambo walipita na Calist kumpeleka polisi. Watu waligeuka kumtazama yule aliyesema amekwenda Kiomboi na kurudi, kumbe safari yake yote ilianzia na kuishia bandani kwa Abdillahi, mwendo wa hatua mia mbili kutoka ofisi ya kijiji. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.