Boma Lililopika Pilau

Hapo zamani za kale, Jumatatu moja, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Bibi Kobe alikata roho kando ya chemchemi ya mtaa wa wanyama. Wakamzika papo hapo. Sikilizeni, wanangu, maana tangu saa ile mambo yaligeuka.

Bibi Kobe ndiye aliyekuwa akifyeka njia na kuzoa majani majini. Alipoondoka, hakuna aliyeshika jembe. Kila mmoja alisema, "Jirani atafyeka." Magugu yakapanda, miiba ikaziba njia. Mwishowe Nyati akakata miiba mingine, akazungusha boma, akalala mlangoni.

"Hapa pangu! Marehemu ni shangazi yangu!"

Kindi alikuwa na watoto watatu. Sasa ilimbidi awapeleke kunywa mtoni, na mtoni kuna Mamba. Juzi kitinda mimba wake aliponea chupuchupu. Chwap! Mkia ukabaki nusu.

Kindi akaenda bomani, tuku tuku tuku.

"Shikamoo, mjomba Nyati."

"Marahaba. Maji hakuna!"

"Sikufuata maji. Nimekuja kukupa pole, mfiwa mkuu. Arobaini ya shangazi yako ni Ijumaa. Wenzetu wanauliza pilau litapikwa wapi."

Nyati akatega masikio. "Pilau?"

"La dua. Na mfiwa mkuu hukaa mbele, ana sinia lake peke yake."

"Sinia zima?"

"Zima! Labda kama hukuwa ndugu wa kweli..."

"Ala! Nani huyo asemaye? Shangazi yangu, tumbo moja na baba!"

"Basi shughuli ni hapa kaburini, mjomba. Na mwenye msiba hafungi mlango."

Nyati akameza mate. "Waje," akasema.

Ijumaa wakaja wote, kila mmoja na kibaba chake cha mchele na jembe lake, maana kwenye arobaini hakuna anayekaa bure. Fyeka, fyeka! Fisi akang'oa miiba mpaka mizizi. Chui akazoa majani, na maji yakabubujika, bubu bubu bubu!

"Kuni zimekwisha na wali haujaiva!" Kindi akapiga kelele. "Mjomba, sinia lako litachelewa!"

"Lisichelewe!" Nyati akaling'oa boma kwa pembe, kraa! kraa! Akalisukuma lote mekoni.

Wakaomba dua, wakala. Nyati akakomba mpaka ukoko, akapiga mbweu, akasimama.

"Haya, tawanyikeni! Nazungusha boma langu."

"Lipi, mjomba? Si umelila!"

"Nimekula pilau mimi!"

"Lilipikwa kwa kuni gani?"

Nyati akatazama mekoni. Majivu. Akatafuta miiba mingine. Hakuna hata mmoja.

"Mfiwa mkuu," Fisi akauliza, "utawafukuza waliokuja kumwombea shangazi yako, mbele ya kaburi lake?"

Watoto wa Kindi walikwisha kupita katikati ya miguu ya Nyati, wakainamia maji: lap, lap, lap.

Tangu hapo kila Ijumaa wanafyeka wote, hata Nyati, akinung'unika.

Wanangu, mahali petu sote tukipaacha bila kupatunza, mmoja atapafanya pake.

Mungu amrehemu Bibi Kobe, awarehemu na wetu waliotangulia, aipanue njia yao na kuwapa kivuli. Amina.