Malazi ya Mkandarasi

Serikali ilitoa fedha za tuta la mawe la kuzuia mafuriko. Mkandarasi Lugoya akarundika mchanga, kisha akamwambia Bi Sikujua, mwenyekiti wa kitongoji, kwamba ni lazima alisifu tuta hilo mbele ya mkuu wa wilaya, la sivyo wanakitongoji wasahau tuta jingine.

"Nitalisifu, baba."

Siku ya makabidhiano mawingu yalitanda. Bi Sikujua akasimama.

"Mheshimiwa, tuta ni imara. Na kwa kuwa mgeni hupewa pahali salama, mabegi ya mkandarasi tumeyahamishia nyuma ya tuta hili, kwenye kibanda. Atalala pale masika yote."

Lugoya akatazama juu. "Yatoeni. Mvua hii ikinyesha nitasombwa."

"Usombwe na nini, baba? Au umetujengea tuta la kiangazi?"

Mkuu wa wilaya akaamuru mabegi yabaki palepale mpaka mawe yaje.