Chetezo cha Bi Mwanaheri

Hapo zamani, na wenye pua wasikie kabla ya wenye masikio, palikuwa na mji wa mawe ukiitwa Kilimbani. Na katika mji huo palikuwa na nyumba iliyojulikana kwa harufu yake. Mgeni akiuliza, "Kwa Bi Mwanaheri ni wapi?" hakuonyeshwa kwa kidole. Aliambiwa, "Fuata udi." Akaufuata, akafika.

Bi Mwanaheri alilijua hilo, na akajivunia. Mwacheni ajivunie! Mtu hujivunia alicho nacho, naye alikuwa nacho. Mafuta yake ya kunukia hayakuwa na mfano mjini. Nazi alikuna mwenyewe, mafuta akakamua mwenyewe, akayatia asumini na mawaridi kama alivyofunzwa na bibi yake, kisha akayaacha yaive ndani ya mtungi wa udongo. Mtungi ulikaa sebuleni, juu kwenye kidaka cha ukutani, kile kilichochongwa na babu yake kwa maua na nyota. Chini yake, kwenye kidaka cha pili, kilikaa chetezo cha fedha alichoachiwa na bibi yake, na ndani ya chetezo udi ulifuka asubuhi na jioni.

Sasa, Kilimbani kulikuwa na desturi. Mgeni hakuaga kabla ya chetezo. Chetezo kikiletwa, akajifukiza nguo, akajifukiza nywele, ndipo akasema kwaheri. Kuondoka kabla ya chetezo kulikuwa tusi. Na kulikuwa na tusi kubwa kuliko hilo: kumwambia mtu kuwa nyumba yake inanuka. Watu wa Kilimbani wangekwambia usoni kuwa mwanao mwizi, mumeo mvivu, na pilau yako haina chumvi. Lakini harufu ya nyumba yako? Thubutu!

Mwaka mmoja, masika yalipokwisha, harufu ikaingia kwa Bi Mwanaheri. Haikuwa ya udi wala ya asumini. Ilikuwa nzito, chachu, harufu ya kitu kilichovunda. Aliisikia alfajiri akasema, "Panya huyo." Akawasha udi. Harufu ikajificha kidogo, kisha ikarudi. Akaongeza udi, harufu nayo ikaongezeka. Akafukiza asubuhi, adhuhuri na jioni, na harufu ikakaa asubuhi, adhuhuri na jioni.

Na wageni je, walisemaje? "Mashaallah, Bi Mwanaheri, nyumba yanukia!" Walijiziba pua kwa pembe ya kanga, wakasema mashaallah. Naye akawaamini, maana pua yake ilikwisha kuizoea. Nyani haoni kundule.

Bi Mwanaheri alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwanasiti, naye alikuwa ameposwa na kijana aitwaye Shamte. Walipendana, na mji mzima ulijua. Basi mashangazi wa Shamte wakaja kupanga siku ya harusi, mkubwa wao akiwa Bi Chiku. Wakakaribishwa, wakaketi, wakaletewa kahawa na halua. Kahawa wakaionja. Halua hawakuigusa. Bi Mwanaheri akainuka kuchukua chetezo, na alipogeuka nacho mkononi, Bi Chiku alikuwa ameshasimama.

"Tumekumbuka jambo nyumbani," akasema.

Wakatoka wote. Bi Mwanaheri akabaki katikati ya sebule, chetezo kinamfukiza usoni, hajui alie au acheke.

Jioni ile akaja Kidawa, shoga yake tangu utoto. Hakuketi.

"Shoga, nina neno."

"Lete."

"Nyumba yako inanuka."

Bi Mwanaheri akaruka. "Wewe! Wewe uliyekula kwangu, ukalia kwangu, ukazaa mikononi mwangu!"

"Ndiyo maana nakwambia mimi. Wengine wanakwambia yanukia, wakifika barabarani wanatema mate. Mashangazi wa Shamte watarudi Ijumaa, kwa heshima ya marehemu mumeo tu. Wakiikuta harufu hii, wanavunja posa."

Bi Mwanaheri akamwonyesha mlango. "Toka. Ushoga wetu umeishia kizingitini."

Kidawa akatoka akilia. Naye Bi Mwanaheri akajitupia kanga akatoka pia, hasira zimpoe, akazunguka mji mpaka jua likazama. Aliporudi, akafungua mlango wake, na harufu ikampokea. Akasimama palepale. Aibu ilimshika. Kidawa alikuwa amesema kweli.

Mwingine angejifungia ndani. Bi Mwanaheri hakujifungia. Asubuhi alijipamba, akavaa leso zake nzuri, akasimama barazani, kichwa juu, akasema mbele ya watu: "Nyumba yangu inanuka. Atakayeiondoa harufu hii nitampa chetezo cha bibi yangu."

Mji ukapigwa na butwaa. Kila mtu alikuwa ameisikia ile harufu, lakini hakuna aliyetarajia kumsikia mwenyewe akiitaja.

Wakaja wenye ndimu na chumvi, wakasugua sakafu. Harufu ipo. Wakaja wenye mkaa, wakapanga mabeseni ya mkaa pembeni mwa vyumba. Harufu ipo. Wakaja wenye siki na wenye majani ya mvumbasi, magodoro yakaanikwa juani, dari ikafunguliwa, likaonekana tundu tupu la ndege. Harufu ipo. Akaja mjuaji mmoja akasema, "Dawa ya harufu ni udi zaidi." Wakafukiza mpaka macho yakatoka machozi, na siku hiyo ndipo harufu ilipovuka mtaa.

Hapo Mwanasiti akasema, "Mama, leo tusiwashe udi."

"Tusiwashe? Nyumba hii haijakaa bila udi tangu enzi za bibi yangu!"

"Leo tu."

"Hata leo. Lete udi hapa."

Mwanasiti akauchukua udi wote, akaufunga kwenye pindo la kanga, akauweka chini na kuukalia. "Huu hapa, mama. Uje uninyanyue."

Mama akafoka, akatisha, akamwita mtoto asiye na adabu. Mwanasiti hakunyanyuka. Chetezo kikapoa. Kufika alasiri, harufu ikawa imepungua, na mama aliyekuwa akifoka akaanza kunusa.

Mwanasiti akatia makaa ya moto kwenye chetezo, bila udi, akakiweka ukumbini, akanusa. Kimya. Akakiweka chumbani. Kimya. Akakirudisha pale kidakani, mahali pake pa siku zote. Harufu ikaja! Akapeleka kiganja ukutani, juu ya chetezo, akaukuta ukuta umepata moto na unanata. Akanusa kiganja.

"Mama," akasema taratibu, "ni mafuta yako."

Wakaushusha mtungi wa juu. Ulikuwa nusu, na kwenye kitako chake palikuwa na ufa mwembamba. Mafuta yalivuja masika yote, ukuta ukayanywa, yakavundia humo ndani. Na kila udi ulipowashwa kuifukuza harufu, moto wa chetezo uliyapasha yale mafuta, yakatoa harufu upya. Bi Mwanaheri akakaa chini. Hili lilimuuma kuliko neno la Kidawa. Fahari yake ndiyo iliyokuwa ikiinukisha nyumba.

Akaitwa fundi Vuai, mwashi. Akagonga ukuta, akabandua lipu kidogo, akatikisa kichwa. "Bi Mwanaheri, ukuta umelewa mpaka ndani. Nikipaka chokaa juu, nitakuwa nakudanganya. Kidaka hiki lazima kitoke."

"Kidaka cha babu yangu?"

"Pamoja na mawe yaliyo nyuma yake."

Bi Mwanaheri akaitazama ile kazi ya babu yake, ua kwa ua, nyota kwa nyota. Kisha akageuza uso. "Vunja."

Fundi Vuai akaegemeza dari kwa maboriti, akavunja. Mawe yaliyolewa akayatoa nje ya mji. Yaliyobaki akayasugua kwa maji ya majivu mpaka vidole vikachubuka. Lakini ukuta mpya wataka chokaa iliyoiva, na chokaa haiivi kwa kuharakishwa: huchomwa tanuuni, kisha hulazwa shimoni miezi na miezi. Mjini kote mwaka ule palikuwa na shimo moja tu la chokaa iliyoiva, nalo lilikuwa la Vuai mwenyewe. Aliilaza kwa ajili ya nyumba yake, maana mkewe na wanawe walikuwa wangali katika kibanda cha makuti kinachovuja. Akalifukua shimo lote, akaijenga sebule ya Bi Mwanaheri.

Ijumaa ikafika. Kabla ya wageni, Bi Mwanaheri alitoka peke yake mpaka kwa Kidawa, akabisha hodi.

"Shoga, kizingiti nilikiweka mimi, na leo nakiondoa mimi. Njoo."

Kidawa akamtazama, akajifunga kanga, akaja.

Mashangazi wakaingia wakiwa wamekwisha kuzishika pembe za kanga zao tayari kwa pua. Wakaketi. Bi Chiku akatazama huku na huku. "Mbona leo hakuna udi?"

"Leo nataka muinuse nyumba yenyewe," akajibu Bi Mwanaheri.

Wakanusa. Palikuwa na harufu ya chokaa mpya, na upepo uliopita dirishani, basi. Pembe za kanga zikashuka moja moja. Bi Chiku akachukua kipande cha halua. Akakimaliza. Akachukua cha pili, na kabla hajakimeza, siku ya harusi ikawa imepangwa. Kifua cha Bi Mwanaheri kikajaa. Hakuwahi kujivunia nyumba yake kama siku ile iliponukia bure, bila udi.

"Sasa lete chetezo, tuage," akasema Bi Chiku.

"Chetezo nimekwisha kukiahidi kwa aliyeiondoa harufu. Mwenyewe kwanza akipokee, kisha atawafukiza yeye."

"Ni nani huyo?"

Bi Mwanaheri akawatazama mmoja mmoja. Walikuwa pale wote: Kidawa, Mwanasiti, na fundi Vuai mlangoni na mikono yake imechubuka.

Kidawa akasema, "Ni mimi. Mji mzima ulinusa ukanyamaza. Mimi nilisema, nikatupwa nje kama maji machafu. Harufu isiyotajwa haiondolewi."

Mwanasiti akasema, "Bi Kidawa, ulisema harufu ipo, hukusema yatoka wapi. Watu walisugua nyumba nzima na ndimu. Mimi nilimwasi mama yangu, nikaukalia udi, nikapata mahali penyewe. Ni mimi."

Fundi Vuai akasema, "Mmoja alisema, mmoja alionyesha. Je, harufu ilitoka? Maneno hayabandui lipu, na kidole hakibomoi ukuta. Niliitoa mimi, kwa mikono hii na kwa chokaa ya nyumba yangu. Mvua ikija, wanangu ndio watakaolowa."

"Bila mimi ungebomoa ukuta upi?" akauliza Mwanasiti.

"Na bila mimi ungetafuta nini," akasema Kidawa, "mama yako akiambiwa kila siku kuwa yanukia?"

Shangazi mdogo wa Shamte akaingilia, "Mbona hamumtaji mwenye nyumba? Aliyesimama barazani akajisema mwenyewe, akakubali kazi ya babu yake ivunjwe, nani? Abaki na chetezo chake!"

Kidawa akacheka. "Na mafuta yalikuwa ya nani?"

Hata Bi Mwanaheri akacheka. Lakini Bi Chiku hakucheka. Alikiweka kikombe chini, akasema, "Bi Mwanaheri, mpe umtakaye, sisi tunatazama. Mkono wako ndio utakaotwambia tunaoa nyumba ya watu gani."

Bi Mwanaheri akakiinua chetezo cha bibi yake. Upande huu shoga aliyemfukuza. Upande huu mwanawe aliyemwasi. Mlangoni, mtu aliyelala kwenye makuti ili yeye asimamishiwe ukuta. Kichwa kikawa juu, kama siku ile barazani, na mkono ukaanza kunyooka.

Nami mkono huo nauacha hapohapo. Msiniambie wagawane, chetezo hakikatwi. Msiniambie akawanunulie vingine, ahadi ilikuwa hiki. Na wewe unayejibu upesi hapo nyuma, fikiri kwanza: aliyekwambia nyumba yako inanuka, ulimfanyaje?

Haya, semeni. Je, nani alistahili chetezo cha Bi Mwanaheri?