Tundu Lililokuwa Chini ya Jiwe la Mpaka

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba palikuwa na bonde moja lenye dola tatu: Rahaba, Sirwa na Kaudha. Dola zenyewe, ndugu zangu, msizikuze sana akilini; mwadhini wa Rahaba akiadhini, Kaudha walimsikia. Lakini kila moja ilikuwa na amiri wake, kadhi wake, pishi yake ya kupimia nafaka na kiburi chake, na kiburi ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote.

Huko Rahaba aliishi mja mwema aliyeitwa Uthal bin Hizam. Kazi yake ilikuwa kulinda tuta, lile boma refu la udongo na mawe lililozuia mto usiingie mashambani. Tuta lilipita dola zote tatu, na kila dola iliweka mlinzi wa kipande chake. Uthal alikuwa mtu wa kuuliza. Kila asubuhi, akiwa njiani kwenda tutani, alijiuliza: kibla chetu kimoja, mto wetu mmoja, tumeoana mpaka hatujui nani shemeji na nani ami, ni kitu gani hasa kinachotutenga? Akitazama haoni ila jiwe la mpaka kati ya Rahaba na Sirwa, limesimama juu ya tuta.

Na desturi ya jiwe hilo ilikuwa kali. Mtu wa Rahaba hakuthubutu kuweka hata konzi ya udongo upande wa Sirwa, wala wa Sirwa upande wa Rahaba, kwani aliyetengeneza ardhi ya mwenzake alihesabiwa kuwa anaidai. Walinzi wakifika kwenye jiwe waligeuka wakarudi walikotoka. Na chini ya jiwe lenyewe je? Hapo hapakuwa pa mtu.

Basi nungunungu, asiyejua amiri wala mpaka, akachimba tundu papo hapo chini ya jiwe. Uthal akaliona. Alikuwa na kikapu cha udongo begani. Akainama, akaingiza mkono, ukazama hadi kwenye kiwiko. Hili ni letu au lao? Akaona kwamba akiliziba atazua fitina, akaenda zake. Siku saba alipita hapo, na siku zote saba akaliona.

Siku ya nane mto ukajaa. Maji yakapenya tunduni, tuta likakatika, na balaa lote likaishukia Sirwa iliyokuwa chini zaidi. Mashamba yakazolewa. Bibi kizee mmoja, mama yake Labid, mlinzi wa tuta la Sirwa, alikutwa amekufa maji mlangoni kwake. Mungu amrehemu.

Watu wa Sirwa wakasema Rahaba wamelichimba tuta makusudi, na mapanga yakaanza kunolewa. Amiri wa Kaudha, aliyejua kwamba wakubwa wakipigana atakayekanyagwa ni yeye, akawasihi waende kwanza kwa Bibi Jumana bint Waddah, mwanamke mchamungu aliyeheshimiwa na pande zote. Wakakusanyika uani kwake baada ya Adhuhuri.

Labid akasimama, macho mekundu. "Sitaki maneno mengi, Bibi. Huyu Uthal namjua, hasemi uongo. Aape kwamba tuta lao lilikuwa zima. Akiapa, nitarudi nyumbani nikamlilie mama yangu. Asipoapa, nataka damu yake."

Amiri wa Rahaba akashusha pumzi. Akamnong'oneza mlinzi wake: "Apa, Uthal. Si uongo. Kipande chetu kilikuwa kizima."

Na kweli haukuwa uongo. Hapo ndipo mtihani ulipokuwa. Uthal angeweza kuapa kwa Mola wake bila neno moja la uongo, akatoka salama, yeye na watu wake.  Aliogopa, wala tusimpambe; waja wema nao huogopa kufa.

Akasema: "Wallahi, tuta la Rahaba lilikuwa zima. Na wallahi, chini ya jiwe la mpaka palikuwa na tundu. Nililiona siku saba, nikiwa na udongo begani. Sikuliziba. Nilisema si letu."

Amiri wake akashika kichwa. Watu wa Sirwa wakashika mapanga, wakamtazama Labid wakingoja neno lake.  Labid akaketi mavumbini, akalia kwa sauti.

"Nami nililiona," akasema. "Siku saba hizo hizo. Nilisema ni la Rahaba, waje wenyewe. Mama aliniuliza, 'Tuta li salama, mwanangu?' Nikamwambia, la kwetu li salama."

Hapo hakuna aliyekumbuka panga. Bibi Jumana alingoja kilio kipungue, ndipo akauliza: "Enyi maamiri, mmekuja niamue mkosaji ni nani. Mimi nataka kujua jambo moja tu. Tundu lile lilikuwa la nani?"

"Si letu," akasema amiri wa Rahaba. "Wala si letu," akasema wa Sirwa.

"Basi maji yamepita mahali pasipo na mwenyewe," akasema Bibi. "Nanyi mmoja mmoja hamwezi kupamiliki bila vita. Pamilikini pamoja."

Amiri wa Kaudha akakohoa. "Niwie radhi, Bibi. Mimi ni mdogo. Nikiungana na hawa, kesho binti yangu ataozwa kwa desturi ya Rahaba na kesi yangu itaamuliwa Sirwa. Watanimeza."

"Usiwape yote, mwanangu. Tuta, ulinzi wa bonde na pishi moja ya kupimia, hayo yawe ya baraza moja, nawe uwe na kiti sawa na wao. Kadhi wako, soko lako na harusi zako baki nazo. Yaandikeni yaliyo ya wote. Lisiloandikwa libaki kwa mwenyewe."

Wakabishana siku tatu, mbili kati ya hizo kwa ajili ya pishi ya nani itumike. Mwishowe wakaandika. Siku hizi jambo hilo tunaliita shirikisho.

Uthal alivuliwa kazi na amiri wake, naye hakunung'unika. Baraza jipya lilipowaita watu kujenga tuta, alikwenda kama kibarua yeyote, akamkuta Labid pale lilipokuwa jiwe. Wakafanya kazi bega kwa bega. Uthal alipofika upande wa Sirwa, mkono wenye udongo ukasita hewani.

"Weka," akasema Labid. "Hapa ni petu." Kisha akaongeza: "Mama angeuliza mbona tumechelewa."

Ndugu zangu, wapo wasemao kwamba dola huungana kwa kumwogopa adui au kwa kutaka utukufu, na huenda ni kweli. Lakini kila nikikisimulia kisa hiki, hujiuliza ni mangapi ninayoyapita kila siku nikisema si langu. Mola atujaalie ulimi wa Uthal, na atuepushe na jibu ambalo Labid alimpa mama yake.