Gari Lililotetemeka Likisimama

Maliro wa Mususa alikuwa na Peugeot nyeupe ya zamani, yenye safu tatu za viti, na gari hilo ndilo lililokuwa shamba lake. Alipeleka abiria kutoka Butembo hadi Beni, akarudi na mawese na ndizi. Vita vilikuwa vimefunga barabara nyingi, lakini hiyo bado ilipitika kwa mtu aliyejua kuwasalimu vizuri watu wa vizuizini.

Siku moja alipokuwa akirudi peke yake, askari wa kizuizi kimoja kilichokuwa chini ya mteremko walimshusha, wakamkalisha kwenye majani. Walitaka petroli yake. Mmoja wao, kijana mrefu, alifungua kifuniko cha mota, akainama na kisu, akaibuka na kipande cha mpira. Kwa mpira huo walinyonya mafuta kutoka tangini. Walipotosheka, yule kijana aliurudisha mahali pake, akauunga kwa utepe mweusi.

"Papa, hapana kusema kitu," alimwonya Maliro. "Ukisema, nyumba yako tunaijua."

Maliro aliitikia kwa kichwa. Siri hiyo aliimeza kama mgonjwa anavyomeza kwinini, asimwambie hata mkewe, Berthe.

Tangu siku hiyo gari lilianza kuugua. Likiwa mwendoni lilikwenda vizuri, lakini likisimama, mota ilitetemeka kama mtu mwenye malaria, kisha ikazimika. Maliro akalipeleka kwa Abdias, fundi wa mtaani kwao, aliyekuwa baba wa ubatizo wa binti yake wa kwanza.

Abdias alisafisha bujii zinazotoa cheche, akakwangua platini inayozigawia umeme, akafungua kabureta na kuiosha kwa petroli. Mota ikawaka, ikatetemeka vilevile. Akaziba kidogo mdomo wa kabureta kwa kiganja. Mtetemo ukapungua. Alipoondoa mkono, ukarudi.

"Mota inavuta hewa mahali," alisema huku akipangusa vidole. "Papa Maliro, kuko mutu alifungua hapa?"

Maliro alitazama barabarani. "Hapana mutu."

"Hata kule njiani?"

"Nimesema hapana mutu, kaka. Ni uzee tu."

Abdias aliliamini neno la rafiki yake. Alibadilisha gasketi iliyo chini ya kabureta, akakaza kila skrubu aliyoifikia. Ule mpira uliokatwa, mpira wa breki, uliojificha kule nyuma na kufungwa utepe wenye rangi kama yake, hakuugusa. Nani angeukata mpira wa breki? Mota ilipokataa tena kutulia, alikuna kichwa.

"Uniachie mpaka kesho. Nitafungua yote, moja moja."

Hapo Maliro aliushika mlango wa gari. Abdias akifungua yote, ataona alama ya kisu. Akiiona, atauliza. Na mjini Butembo maneno yana miguu. "Mais, lakini kesho niko na safari," alisema, akaondoka na gari lake.

Alipofika nyumbani alichukua bisibisi, akakaza skrubu inayoongeza mwendo wa mota wakati gari limesimama. Mota ikanguruma kwa nguvu, na kwa kuwa ilikimbia, mtetemo haukuonekana tena.

"Imepona," alimwambia Berthe.

Haikuwa imepona. Kanyagio la breki lilizidi kuwa gumu, lakini alijiambia kwamba vitambaa vya breki vimechakaa, na kwamba atavibadilisha baada ya siku ya soko.

Siku ya soko ilipofika gari lilijaa. Mbele, karibu na dereva, alikaa Florentine, mwanamke wa Vuhovi aliyeuza samaki wakavu, na beseni lake magotini. Walicheka na kusimulia habari za watu hadi walipoufikia ule mteremko. Maliro alikanyaga breki. Ilikuwa kama kukanyaga jiwe. Mota ikaanza kupiga kelele ovyo, maana utepe ulikuwa umeachia kabisa. Alikanyaga kwa miguu yote miwili, akavuta breki ya mkono, akageuza usukani kuelekea ukingoni. Gari lilikwaruza udongo, likavunja mti wa kizuizi, likagonga tuta na kusimama. Mota ikafa.

Kisha zikasikika bunduki zikikokiwa. Gari linalovunja kizuizi wakati wa vita haliulizwi limetoka wapi. Maliro aliinua mikono, sala ikamtoka nusunusu.

"Bobeta masasi te!" sauti ikapaa kwa Kilingala. Musipige risasi! Alikuwa yule kijana mrefu. Alisogea, akamtazama dereva, akacheka. "Huyu si papa wa petroli? Mupira yake ni mimi nilikata. Papa, mpaka leo haujatengeneza?"

Aliyasema hayo mbele ya abiria wote, waziwazi, kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. Maliro alishusha mikono. Aibu ilimuuma kuliko hofu.

Florentine alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, uliovunjika juu ya kiwiko. "Kumbe ulijua, Papa?" aliuliza polepole. "Ulijua, na ukatupakiza?"

Maliro alishuka, akazunguka kumfungulia mlango.

Abdias, aliyepelekewa habari za mpira uliokatwa, alifika kwa pikipiki baada ya majeruhi kupelekwa kituo cha afya. Aliingiza mkono nyuma ya mota, akatoa vipande viwili vya mpira. "Mpira huu ndio unaoazima breki nguvu za mota," alisema. "Ukitoboka, mota inakunywa hewa, na breki inabaki maskini." Alifunga mpira mwingine aliokuja nao, alioutoa kwenye gari bovu la mtu, akailegeza ile skrubu, akawasha. Mota ikatulia, ikasikika kama cherehani.

"Nilikuuliza," alisema bila hasira.

"Niliogopa, kaka. Walisema wanajua nyumba yangu."

"Ungeniambia tu, 'uangalie mupira.' Mimi nisingekuuliza ni nani alikata."

Mkono wa Florentine uliunga, lakini uliunga vibaya, na hakuweza tena kujitwisha beseni kichwani bila kusaidiwa. Maliro alikwenda kwake kuomba msamaha mbele ya ndugu zake. Alisamehewa, lakini katika kikao hicho hakuthubutu kuutazama ule mkono. Alikuwa ameuficha ugonjwa kwa ulimi, akauficha tena kwa bisibisi, na mauti yalipopita karibu yalimtaja mbele ya watu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.